Ua wa Mabanzi

Watu wakipita njiani huusifu ua wangu. Kuna bwana mmoja alisimamisha pikipiki akaniuliza mbao zake nilizipata wapi, maana naye ana kiwanja na hana uwezo wa kuzungushia ukuta wa matofali. Nilimwelekeza vizuri kabisa. Nilimwambia aende upande wa Muheza, kwenye mashine za kupasulia magogo, asinunue mbao bali aombe mabanzi, yaani zile pande za nje za gogo zinazobaki na gome lake mbao zikishatolewa. Achague ya msaji, yaani mtiki, ayabandue magome, na sehemu itakayoingia ardhini aipake oili chafu ya magari ili mchwa waikimbie. Alinishukuru sana akaenda zake. Sikumwambia kwamba ua huo nauchukia kuliko kitu chochote nilichowahi kukichagua kwa mkono wangu.

Nyumba yetu iko pembeni mwa mji wa Tanga, upande wa barabara ya Pangani. Kiwanja kilikuwa cha mama yangu. Alilima mihogo hapo, akapanda minazi, na alipofariki kikawa changu. Mume wangu ndiye aliyejenga nyumba juu yake, chumba baada ya chumba, kila alipopata. Nyuma ya nyumba pana uwanja mdogo wenye jiko, choo na bafu, na nyuma yake tena pana kipande kikubwa zaidi chenye minazi ya mama. Sisi tulipaita minazini. Kipande hicho nilikuwa nimemwekea binti yangu, ambaye ni muuguzi Dodoma, ili siku akirudi nyumbani ajenge pale asiwe mpangaji wa mtu. Kila mtu katika familia alilijua hilo, na wifi yangu alilijua kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye niliyekuwa nikimfungulia moyo.

Wifi yangu huyu ni dada wa mume wangu, lakini urafiki wetu ulianza kabla ya ndoa. Yeye ndiye aliyenipeleka kwao mara ya kwanza, akanikalisha jikoni na kunipa nazi nikune, huku kaka yake akipita pita mlangoni na visingizio vya kutafuta kiberiti. Yeye aliachika mapema, hana mtoto, akaishia kupanga Ngamiani, leo chumba hiki, mwakani kile, godoro na kabati la vyombo juu ya mkokoteni. Aliuza vitumbua asubuhi, na nazi za vitumbua hivyo zilitoka minazini kwangu. Nilimpenda. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu pasipo hilo, haya yanayofuata yatakuwa ugomvi wa kiwanja tu, na magomvi ya viwanja Tanga tumeyazoea.

Mume wangu alipofariki, ua wetu wa zamani ulikuwa umelala chini. Ulikuwa wa makuti, na makuti yanataka kubadilishwa kabla ya masika. Mwaka ule mzima tulikuwa watu wa hospitali, nani angesuka makuti? Nikaingia eda katika nyumba iliyo wazi. Mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na ushei, hajipambi, hatoki pasipo dharura, wala haonani na wanaume wasio maharimu zake, yaani wanaoweza kumwoa. Nilitaka kuikaa eda ya mume wangu sawasawa. Nilikuwa nimemuuguza, nimemzika, na hilo ndilo jambo la mwisho nililobakiwa nalo la kumfanyia. Lakini bafu langu liko uani, na nyuma ya uwanja kulikuwa na kijia wanachokatisha watu wa mtaa wa pili. Nilikuwa nachungulia kwanza kama mwizi ndipo nivuke na ndoo yangu.

Wifi alihamia kwangu siku ile ile ya matanga, akasema hanitoki mpaka nitoke eda. Alilala chumbani kwangu, alinichotea maji, alinisuka nywele. Shemeji yangu, mkubwa wa familia yao, alileta salamu kwamba ua atausimamia yeye, mimi nichague tu ninachokitaka kwa vijisenti nilivyonavyo. Shemeji si maharimu yangu, kwa hiyo hakuniona uso wala sikumwona. Maneno yake yote yalinifikia kwa mdomo wa wifi.

Basi nikachagua. Nilichagua kwa bidii, nikiri, kwa sababu mtu aliyefiwa akipewa kazi ya mikono huishikilia. Wifi alizunguka mjini akaniletea vipande ndani ya kikapu: kipande cha ubao wa mnazi, cha mkaratusi wa Lushoto, cha msaji wa Muheza. Boriti za mikoko nilizikataa mwanzo, mikoko haikatwi siku hizi pasipo kibali na mimi sikutaka balaa. Vile vingine nilivizika nusu kwenye udongo wenye unyevu karibu na bafu, pale ambapo mchwa wa kwetu wana ufalme wao, nikaviacha. Nilipovifukua, mkaratusi ulikuwa umeanza kuliwa, na mnazi ulikuwa mgumu nje lakini ndani ulikuwa laini wa kubonyea kwa kidole. Msaji ulikuwa umeliwa ule weupe wake wa pembeni tu, moyo haukuguswa. Mbao za msaji sikuziweza. Mabanzi yake niliyaweza. Wifi alicheka akasema, "Mwenzangu, wewe ungekuwa mwanamume ungefungua karakana." Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Tulibishana jambo moja tu. Mimi nilitaka mabanzi yaachiane upana wa vidole viwili ili upepo upite, maana uwanja wangu ni mdogo na joto la Tanga kabla ya mvua halina adabu. Wifi alirudi kutoka kwa kaka yake, yule shemeji, na jibu.

"Kaka asema hapana. Mjane yuko ndani, ua una matundu, hiyo stara gani? Yalaliane, hata jicho lisipite."

"Na upepo je?"

"Upepo utapita juu, wifi. Wewe wataka watu wakuone?"

Sikutaka watu wanione. Nikakubali yalaliane.

Kisha ikaja habari ya mpaka. Siku mafundi walipokuja kupiga kamba nilikuwa chumbani, dirisha limefungwa, kama inavyotakiwa. Wifi aliingia, akaketi kitandani ubavuni mwangu, akanishika mkono. Akasema mabanzi yaliyonunuliwa hayatoshi kuzunguka hadi minazini. Kaka yake anashauri ua upite hapa karibu, nyuma ya bafu tu, nipate pa kuoga na pa kuanika nguo. Nikitoka eda, tukipata mabanzi mengine, nguzo zitang'olewa na kusogezwa.

"Ni wa muda tu," akasema. "Usije ukaanza kuwaza, moyo wako una mengi."

Mafundi walimaliza upesi. Walipoondoka nilitoka uani nikaupapasa ule ua kwa viganja, ubao kwa ubao. Ulikuwa mrefu kunipita, umekaza, unanuka oili na msaji mbichi. Hapakuwa na mlango wa kwenda minazini. Wifi alisema bawaba na komeo ni gharama, nazi ataniangushia yeye kwa kuzungukia njiani. Jioni hiyo nilioga polepole, nikaimwagia miili yetu miwili maji, mimi na huyo mwanamke aliyekuwa akinisugua mgongo, pasipo kuchungulia popote. Nililia kwa shukrani. Nilimwombea shemeji dua.

Wiki zilizofuata nilianza kusikia majembe upande wa pili. Wifi akasema kaka yake ameweka mtu wa kufyeka majani, nyoka wasije wakaingia. Baadaye nikasikia koleo likikoroga zege, naye akasema ni jirani wa nyuma anajenga, si unajua watu wamepata fedha siku hizi. Sauti ikitoka nyuma ya ua haina anwani. Ua ulikuwa umelaliana vizuri, hata jicho halikupita, kama ilivyoagizwa. Na kwa kuwa yule mfyekaji majani alikuwa anafanya kazi yangu, mimi nilikuwa nikiamka baada ya alfajiri kumpikia uji. Uji wa mchele, wenye tui na pilipili manga, kama anavyopikiwa mtu unayemheshimu. Wifi aliuchukua kila asubuhi katika sufuria yangu kubwa, akazunguka nao njiani.

"Mbona mtu mmoja anamaliza sufuria nzima?" nilimuuliza siku moja.

"Ana mwenzake," akasema, akacheka. "Wausifu sana uji wako."

Siku ya kutoka eda, wifi ndiye aliyeniogesha. Alinivika kanga mpya, akanifukiza udi, akanipaka wanja kwa mkono wake mwenyewe. Wanawake wa mtaa walikuja, wakala pilau, wakaniombea. Walipoondoka nilimwambia twende minazini, nina hamu na minazi ya mama yangu. Akasema leo amechoka, twende kesho. Kesho yake akasema kichwa kinamuuma. Nikavaa viatu nikatoka peke yangu, nikazunguka kwa njia ya mtaa wa pili, sina wasiwasi wowote, nakumbuka hata nilikuwa nikimsalimia kila niliyekutana naye.

Palikuwa na nyumba. Haikuwa msingi, ilikuwa nyumba, kuta zimefika kwenye linta, nafasi za madirisha ziko wazi. Minazi yote ilikuwa imekatwa isipokuwa mmoja wa pembeni, na magogo yamelazwa chini yakishikilia jukwaa. Ukuta wa nyuma wa nyumba hiyo ulisimama hatua chache kutoka kwenye ua wangu. Nikauona ua wangu kwa upande wa pili, kwa mara ya kwanza. Mafundi walikuwa juu ya jukwaa, mmoja akateremka.

"Shikamoo, mama. Umemfuata mwenye nyumba?"

"Marahaba. Mwenye nyumba ni nani?"

Akanitajia jina la wifi yangu. Alimtaja kwa heshima na upendo, akasema ni mama mmoja mwema sana, tangu waanze kazi hajakosa kuwaletea uji, uji mtamu kama huo hajapata kuunywa. Sufuria yangu ilikuwa pale chini, juu ya mfuko wa saruji, imekombwa.

Kosa halikuwa lake. Nilichukua sufuria yangu nikarudi nayo kwa njia ile ile, na sasa wale niliowasalimia wakati wa kwenda hawakunitazama usoni. Mmoja, jirani yangu wa miaka mingi, alinishika mkono akasema, "Tulidhani mmekubaliana, shoga yangu. Si wewe uliyejenga ua?"

Nilimkuta wifi jikoni, ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikaiweka sufuria mbele yake. Hakuinua kichwa, aliendelea kukuna, na mimi nilisimama pale nikingoja akane. Nilitaka akane. Kama angeniambia ni mambo ya kaka yake, yeye hajui kitu, wallahi ningemwamini, maana ndivyo nilivyokuwa nimezoea.

"Jasho la marehemu kaka yangu liko katika nyumba hii," akasema mwishowe. "Hatukutaka kukutoa. Kaka mkubwa akasema, wewe ukae na nyumba, mie nipate kule nyuma. Wewe una mtoto, una nyumba. Mie nina nini, wifi? Kabati?"

"Ungeniomba."

"Ungekataa. Umemwekea mwanao."

"Basi ningekataa! Ningekataa tukabaki mimi na wewe!"

Hapo ndipo alipolia. Mimi sikulia. Nilimwambia akusanye vitu vyake atoke nyumbani kwangu, na alivyokuwa akikunja kanga zake nilikuwa nikiufikiria mkono wake katika mkono wangu pale kitandani, siku ya kamba. Nje kaka yake alikuwa anapima ardhi ya mama yangu. Mkono wake ulikuwa wa joto na haukutetemeka. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma, zaidi ya minazi.

Nilikwenda serikali ya mtaa. Binti yangu alikuja kutoka Dodoma akasimama nami. Shemeji alikuja na kanzu safi, akaongea kwa upole kama imamu. Akasema mpaka unajulikana, ua unaonekana, na ua ule hakuujenga yeye, aliujenga mwenye nyumba kwa fedha zake. "Mwulizeni," akasema. "Hata ubao aliuchagua mwenyewe, akakataa mkaratusi, akakataa mnazi." Mwenyekiti akanigeukia akaniuliza kama ni kweli. Ilikuwa kweli. Nikaeleza habari ya eda, habari ya ahadi ya kuusogeza, na wazee wakatikisa vichwa kwa huruma, kisha wakauliza shahidi wa ahadi hiyo ni nani. Shahidi alikuwa mmoja tu. Alikuwa ameketi upande wa pili, ametazama mikeka.

Shauri limekwenda baraza la ardhi na bado liko huko, tunaitwa, tunaahirishwa. Watu wazima na akili zao huniambia ningeuliza, ningetoka nikaangalia, eda si kifungo. Nami huwajibu kwa hasira, na sioni haya. Nilikaa eda kama nilivyofundishwa, nikamwamini aliyekuwa akiniogesha. Wanaotaka kunilaumu kwa hayo watafute kazi nyingine ya kufanya.

Wifi anaishi pale sasa. Nyumba imeezekwa, na bafu lake ameliweka nyuma, upande wangu, ua ule ule ukawa ukuta wake wa nne. Siku za mwanzo nilikuwa nasikia maji yakimwagika, nasikia akikohoa, nasikia redio yake. Ilinibidi nihamishie jiko langu barazani mbele ili nisimsikie. Lakini kuna jambo moja ambalo wote tulilisahau, mimi mchaguzi na kaka yake mpimaji. Mabanzi yale yalikuwa mabichi. Msaji mbichi ukipigiliwa misumari kabla ya kukauka hujikunja na kupungua, na jua la kaskazi la hapa kwetu halibembelezi. Ubao mmoja ukaachia, wa pili ukafuata. Sasa kuna mianya ya upana wa vidole viwili, kama nilivyotaka tangu mwanzo. Upepo unapita.

Juzi asubuhi nilikuwa nimerudi uani kuosha vyombo, nikamsikia amesimama upande wa pili. Niliona kipande cha kanga yake katikati ya mabanzi. Ilikuwa kanga niliyompa mimi.

"Wifi," akasema. Hakuwa ameniita hivyo tangu nimfukuze. "Ua umeachia. Watu wanaoingia uani kwako waniona nikioga."

Nikaendelea kuosha.

"Nataka kuuziba. Fundi aniambia niweke mkaratusi, ati ni rahisi. Mie sijui mbao, wifi, wewe ndiye mjuzi. Niweke upi?"

Na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nilikwisha kumwambia mkaratusi usithubutu, utaliwa, tafuta mabanzi yale yale ila safari hii uyaweke kivulini kwanza yakauke, ukaya... Nilikuwa nimeshaukausha mkono wangu kwenye kanga, niende kwenye mabanzi nikamwonyeshe pa kupigilia.

Akangoja. Nilimsikia akipumua, karibu kabisa, kama alivyokuwa akipumua usiku katika chumba changu.

"Muulize kaka yako," nikamwambia, nikachukua sufuria yangu nikaingia ndani.